Nilificha kasha Newala, likafunguliwa mbele ya watu!

Wiki hii safu yako haiko mjini. Nilipanda basi kwenda kusini, nikalala Masasi, nikaamkia Newala juu kwenye uwanda wa Makonde, na nimerudi na vumbi kwenye raba pamoja na somo moja ambalo nikilificha nitakuwa mchoyo.

Somo lenyewe linahusu vitu vidogo vidogo: kalamu, beji, sarafu, kishikio cha funguo. Usicheke. Kwa ajili ya vitu hivyo nilisimamishwa mbele ya watu kama thelathini, saa mbili asubuhi, shangazi yangu akiwa amejishika kiuno pembeni. We acha tu.

MCHEZO WENYEWE

Kuna mshikaji wangu anayezungusha watalii hapa Dar. Ndiye aliyeniambukiza mchezo unaoitwa jiokashi. Bahati nzuri jina linakaribiana na neno letu kasha, na ndivyo ulivyo. Mtu anaficha kasha dogo mahali fulani, chini ya jiwe au kwenye tundu la mti, halafu anatangaza lilipo kwa namba za ramani zinazosomwa kwa setilaiti. Wewe unaingiza namba kwenye simu, unafuata mshale, ukifika unaanza kupekuapekua. Ukilipata unaandika jina na tarehe kwenye kijidaftari kilichomo, kisha unalirudisha palepale.

Mchezo ulianzia Marekani. Kabla ya Mei 2000, serikali ya nchi hiyo ilikuwa inavuruga makusudi setilaiti zake za kuonyesha njia, ili raia wa kawaida asipate mahali kamili. Kifaa chako kiliweza kukupoteza hata mita 100. Mwanzoni mwa mwezi huo Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji ukome, na ghafla kifaa cha mkononi kikaweza kukufikisha karibu kabisa na unapopataka. Tarehe 3 Mei 2000, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini katika jimbo la Oregon. Ndani aliweka vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Akatangaza namba, akatoa sharti: chukua kitu, acha kitu.

Leo makasha hayo yamepita milioni 3 duniani. Mwaka 2008 Richard Garriott, aliyekwenda angani kwa pesa zake mwenyewe, alipeleka moja mpaka kwenye kituo cha anga za juu. Bab-kubwa!

Sharti la Ulmer likaja kuongezewa maneno machache ambayo ndiyo kiini cha makala hii: ukichukua, acha kitu chenye thamani sawa au zaidi. Huna cha kuacha? Hakuna noma. Saini kitabu, funika, nenda zako.

Sasa mimi nikajisemea, kasha langu la kwanza nitalificha Newala. Marehemu baba alizaliwa kule. Mimi ni mtoto wa Temeke, na Newala nilikuwa nimefika mara moja tu, nikiwa mdogo, kwenye msiba, nikakumbuka ukungu na kilio tu. Nikaona hii ndiyo sababu ya kurudi. Shangazi nikampigia simu, akafurahi mno. Sikumwambia habari ya kasha.

SHOPINGI YA BUKU TATU

Nikaingia Kariakoo na shilingi elfu tatu. Nikanunua kopo la plastiki lenye kifuniko cha kubana, lile la kuhifadhia chakula, na hilo peke yake likala nusu ya mshiko. Iliyobaki nikaokotea vya kwenye meza za chini: vishikio viwili vya funguo, bazoka, na kinyago kidogo cheusi cha plastiki.

Nyumbani nikaongezea vya kwenye droo. Kalamu iliyokuwa inakaribia kukata roho, hereni moja ya sista iliyopotelewa na mwenzake, beji ya timu yenye kutu, kiberiti cha gesi. Nikalitikisa kopo, likapiga kelele nzuri. Nikajiona mjanja. Nani atajua? Anayelificha kasha si hayupo linapofunguliwa?

Kumbe.

Kitu kimoja tu kilikuwa kwenye mfuko wangu wa shati, si kwenye kopo. Baba aliacha sarafu tatu za zamani kwenye kibati cha dawa ya viatu, zote za senti 50, zile zenye sura ya Mwalimu upande mmoja na sungura upande wa pili. Wazee wanaiita sumni. Zilitoka kwa mara ya kwanza mwaka 1966, pamoja na senti 20 yenye mbuni, senti 5 yenye samaki, na shilingi yenye mkono ulioshika mwenge. Nilizibeba kama hirizi tu. Dukani hazinunui kitu.

BARABARA YA KUSINI

Basi lilitoka Mbagala alfajiri. Ukipita Kibiti unafika mto Rufiji, na hapo kila basi lina mzee mmoja anayeanza kusimulia. Wetu alikuwa kiti cha nyuma yangu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, watu walivuka kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakichachamaa safari ya Lindi au Mtwara ilikuwa ya kuagana na familia kabisa. Kusini ilikuwa mbali kweli. Leo unalala Dar, jioni unakula Masasi.

Mingoyo barabara zinagawana: Lindi, Mtwara na Masasi. Sisi tukashika ya Masasi, tukapita Mtama, tukapita Nyangao na Ndanda penye misheni ya Wabenedikti iliyoanza mwaka 1906. Mikorosho pande zote. Ilikuwa mwezi wa sita, wakati wa kupulizia dawa, na salfa ilikuwa inaelea mashambani kama poda ya mtoto. Inazuia ubwiri unga, ugonjwa unaokausha maua ya korosho. Dirishani ilikuwa inaingia harufu ya kiberiti mpaka koo linawasha. Abiria wenyeji hata hawakukohoa.

MASASI YA MAWE

Masasi utaijua kabla hujafika. Nchi ni tambarare, halafu ghafla milima ya mawe matupu inasimama mmojammoja, mieusi na mipana, kama mtu kaishusha kwa winchi akasahau kuja kuichukua. Mkomaindo umeuinamia mji wenyewe.

Historia ya mji imeanzia kwenye mawe hayo. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kiingereza iliyokuwa Unguja, huyuhuyu aliyeandika vitabu vya kufundishia Kiswahili, alikuja na kundi la watu waliokombolewa utumwani. Wengi walikuwa wametekwa katika nchi za huku ndani. Safari ilikuwa ielekee Ziwa Nyasa, lakini walipofika Masasi wakaona hapa panatosha, wakajenga. Yaani mji ulianza na watu waliowahi kuuzwa kwa vitambaa na shanga. Nilipokuwa nasoma habari hiyo sikujua kwamba kesho yake itanirudia.

Na usisahau kwamba Lupaso, kijiji cha wilaya hii, ndiko kwao Rais Benjamin Mkapa, aliyezaliwa mwaka 1938, na ndiko alikozikwa mwaka 2020. Wale mnaokumbuka neno "ukapa" la enzi zenu za kukosa hela, asili yake ni huku.

Jioni nikatoka kutafuta ming'oko. Kama huijui, ni viazi vya porini vyembamba vinavyochimbwa na kuchemshwa, watu wa kusini wanavitafuna kama nyie mnavyotafuna karanga kwenye daladala. Mama muuzaji alinipimia fungu la jero, akanitazama, akatupia mingine miwili.

"Hiyo ya nini, mama?"

"Nyongeza, mwanangu. Mgeni wewe."

Nikasema asante, nikala, nikasahau. Nimekuja kulikumbuka neno hilo baadaye.

JUU NEWALA

Asubuhi nikadaka gari la Newala. Njia inaanza kwenye joto, halafu gari linapanda, dereva anabadili gia, masikio yanaziba, na mara upepo unakuwa mwingine. Mji wa Newala umekaa ukingoni kabisa mwa uwanda, zaidi ya mita 600 juu ya bahari. Mwezi wa sita kule mtu wa Temeke anavaa sweta, tena bila aibu.

Uwanda huo una kila kitu isipokuwa maji. Udongo ni wa mchanga, mvua ikinyesha inazama chini kusikofikika. Tangu miaka ya 1950 kuna mradi wa kuyapandisha maji kwa pampu kutoka bondeni, Mitema, na majumbani wengi wamejenga visima vya saruji vya kukinga mvua ya bati. Kwa shangazi nilinawa kwa kikombe kimoja. Nilipotaka kuongeza aliniangalia, nikaelewa.

Chakula kikaja, maswali yakaja, mara habari za baba, mara tukacheka, mara tukanyamaza. Jioni nikaaga kwamba naenda kuangalia Shimo la Mungu.

Msomaji, pale nenda mwenyewe. Ardhi inakatika. Uko juu umesimama, mbele yako chini kabisa ni bonde kubwa lililojaa ukungu na kijani, kwa mbali mto Ruvuma, na ng'ambo ya mto ni Msumbiji. Unaweza kukaa nusu saa bila kugusa simu. Nikakaa. Kisha nikatafuta mti wenye mizizi iliyoinuka, nikachomeka kopo langu, nikaziba kwa mawe, nikachukua namba, nikaondoka napiga mluzi.

Vijana wawili waliokuwa wanakata kuni walikuwa wananitazama muda wote.

SAA MBILI ASUBUHI

Shangazi aliniamsha kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia jana. "Wewe, amka. Mwenyekiti anakuita. Umefukia nini kule?"

Hapa nisimame kidogo, maana watu wa mjini tunapenda kucheka watu wa shamba kwamba ni waoga. Newala inapakana na Msumbiji. Mwaka 2017 vita vya wenye silaha vilianza Cabo Delgado, ng'ambo ya mto, na Oktoba 2020 vikavuka: kijiji cha Kitaya, mkoani humuhumu Mtwara, kilishambuliwa, watu wakafa, nyumba zikachomwa. Sasa wewe unatokea, hujulikani, unafukia kopo lililofungwa karibu na mpaka, giza likiingia, unaondoka na mluzi. Wangenifikiriaje? Nusu ya waliokusanyika waliogopa bomu. Nusu nyingine waliogopa kitu kingine ambacho hakitajwi asubuhi. Kosa langu, tena la kijinga, kwa sababu hata sheria za mchezo zinasema omba ruhusa kwa mwenye ardhi kwanza.

Mgambo alikuwa analigusa kopo kwa fimbo ndefu. Nikaamkia, nikajieleza, nikaonyesha simu, nikasema ni mchezo tu. Mwenyekiti akasema, "Kama ni mchezo, fungua mwenyewe. Sisi tutasimama huku."

Nikafungua.

Sijawahi kuona aibu ya namna ile. Bazoka ilikuwa imevamiwa na siafu, kopo limejaa wanatembea. Nikakung'uta. Kikatoka kishikio cha funguo, kikatoka kingine kimekatika. Hereni moja. Mtoto mmoja akauliza ya pili iko wapi. Kalamu: mwenyekiti akaijaribu kiganjani, haikuandika. Kiberiti cha gesi: mama mmoja akakinyakua kabla mtoto hajakifikia, akanitazama vibaya. Kikatoka kinyago.

Alikuwepo mzee mmoja amekaa kwenye kigogo, mchongaji, vidole vimekakamaa kwa tezo. Akanyoosha mkono, nikampa kwa mikono miwili.

"Hiki ni nini, mjukuu wangu?"

"Kinyago, babu."

"Cha nani?"

Nikameza mate. "Cha Kimakonde."

Akakigeuza. Chini kilikuwa na maandishi ya Kichina. Umati ulivunjika mbavu, hata mgambo aliangusha fimbo. Nimebeba kinyago cha plastiki kutoka Kariakoo kumpelekea Mmakonde Newala! Nami nikacheka, maana ungefanyaje?

Mzee hakucheka sana. Aliuliza nirudie ile sheria ya mchezo. Nikamwambia: mtu anachukua kimoja, anaacha kimoja, sawa au zaidi.

"Sheria nzuri," akasema. "Sasa sisi hapa tuchukue kipi?"

Kimya. Msomaji, sikuwa na jibu.

KANGOMBA

Mzee akaendelea taratibu, wala hakugomba. Alisema miezi kama hii, ya salfa na ada za watoto, korosho bado ni maua na mfukoni hamna kitu. Ndipo anapokuja mtu na pesa kidogo. Anakukopesha leo, nawe unamwahidi korosho za msimu, kwa bei anayoitaka yeye na kwa kipimo chake yeye. Hiyo ndiyo kangomba. Serikali imeipiga marufuku, na tangu mwaka 2007 korosho za Mtwara zinauzwa kwa mnada kupitia stakabadhi ghalani ili mkulima asipunjwe. Lakini shida haisomi sheria. "Huyo naye anachukua kitu, anaacha kitu," akasema mzee. "Tatizo ni anachoacha."

Nikaikumbuka Masasi na wale watu wa 1876 waliouzwa kwa shanga. Nikamkumbuka pia Karl Weule, mtaalamu wa jumba la makumbusho la Leipzig, Ujerumani, aliyefika Masasi na Newala mwaka 1906, mwaka mmoja tu tangu moto wa Majimaji uwake kusini. Alikuja kukusanya. Akapiga picha, akanasa nyimbo za watu kwenye santuri za nta, na akaondoka na vinyago vya kuvaa usoni na vyombo vya kila namna. Fedha ya wakati huo ilikuwa rupia na senti zake zilizoitwa Heller, zilizoanza mwaka 1904, na ndizo zilizotuachia neno hela. Hela zile zilikwisha kazi zamani. Vilivyochukuliwa viliwekwa Leipzig, watu wanakwenda kuviangalia.

Yaani uwanda huu una uzoefu mrefu wa wageni wanaochukua na kuacha. Na mimi, mtoto wao wa damu, nimekuja na hereni moja na siafu.

KITU CHA THAMANI KULIKO VYOTE

Shangazi ndiye aliyeniokoa. Akasema mbele ya wote kwamba huyu ni mtoto wa kaka yake, amekosa adabu ila si mwizi, na kopo litajazwa upya leoleo. Halafu akageuka kwangu akaongeza, "Na hili kopo lenyewe ndilo kitu cha maana ulicholeta. Lina kifuniko. Mimi nachotea maji kwa kopo la rangi, wewe unakwenda kulizika."

Ilikuwa kweli. Kati ya vyote, kitu pekee ambacho kila mama pale alikuwa anakitamani ni kopo. Nikamwachia. Nikaenda sokoni Newala kununua mengine mawili, moja la mchezo na moja la shangazi tena, nyongeza.

Tukakaa barazani kupanga. Mimi nikapendekeza korosho, si ndiyo sifa ya Newala? Shangazi akacheka: "Panya watakushukuru." Kweli, mchezo wenyewe unakataza chakula. Mnyama ananusa, anatafuna kasha, kila kilichomo kinaharibika. Mafuta ya kujipaka? Yatavuja juani. Tochi ndogo? Betri zikikaa muda zinatoa majimaji na kuchafua vyote. Mkufu wa kijana wa jirani wenye kiwembe? Hapana, mtoto anaweza kufungua.

Mwisho likajaa hivi. Penseli tatu zilizochongwa na kifutio, kwenye mfuko wa nailoni. Kikaratasi chenye vifungo sita vya shati vya rangi moja na uzi wake. Bangili ya shanga aliyoitunga binti wa jirani, nikainunua kwa bei aliyoitaja bila kumlilia. Kijidaftari na penseli ya kuandikia majina, maana wino unayeyuka kwenye unyevu. Na juu ya kifuniko tukaandika kwa Kiswahili kikubwa: HUU NI MCHEZO. SI HATARI. MWENYEKITI ANAJUA.

Jioni yule mzee akapita. Alikuwa amechonga kobe wa mpingo, mdogo kama kidole gumba, amempiga msasa mpaka anang'aa. "Weka huyu," akasema, "wajue cha Kimakonde kikoje."

Nikaingiza mkono mfukoni kutafuta hela. Akakataa. Akasema, si mchezo unasema kubadilishana? Nikabaki nimeduwaa, nina nini cha kulingana na kobe yule? Nikatoa sarafu za baba, zote tatu, nikaziweka kiganjani. Mzee akazisogeza kwa kidole mpaka akaona sungura.

"Sumni! Kwa hii nilikuwa nakunywa chai na andazi nikiwa kijana. Baba yako alizitunza?"

"Ndiyo, babu."

Akachukua moja, akaifunga kwenye pindo la shuka. Ya pili niliitia kwenye kasha mwenyewe, pamoja na kobe. Iliniuma kidogo, siwafichi. Na nadhani ndivyo inavyotakiwa. Kama kitu unachoacha hakikugusi hata kidogo, basi hujaacha kitu, umetupa.

Kasha sasa liko mbali na ukingo ili mtoto asiteleze, mbali na makaburi na mahali pa jando, chini ya mti ambao mwenyekiti alichagua mwenyewe.

UKITAKA NA WEWE

Kwa hiyo, msomaji, kama mshikaji wako atakuambukiza mchezo huu, au hata kama unakwenda tu kuwatembelea watu, shika haya.

Acha kitu ambacho ungefurahi kukikuta. Jiulize hivyo kabla ya kukitia kwenye kopo, jibu utalipata haraka.

Kiwe kizima. Hereni mbili, kalamu inayoandika, beji isiyo na kutu. Droo ya takataka si duka.

Kivumilie mvua, jua na mchwa. Sarafu za zamani, shanga, mpingo na vifungo vinadumu. Bazoka, sabuni, mafuta na betri havidumu.

Kisimdhuru mtoto. Hakuna wembe, kiberiti, dawa, pombe wala sigara.

Kiwe na hadithi kama inawezekana, tena ya huko utokako. Mtu wa Newala hahitaji kinyago chako. Mpelekee cha kwenu.

Ukikuta kitu chenye kibati na namba, hicho ni msafiri. Mwenyewe anafuatilia kinakopita. Kisogeze kwenye kasha lingine, usikigeuze chako.

Na uombe ruhusa. Mwenyekiti wa mtaa yupo, mwenye shamba yupo. Shikamoo moja ingeniokoa na fimbo ya mgambo.

Wahenga walisema kutoa ni moyo, si utajiri. Siku hizi nimeelewa kwamba hawakumaanisha utoe chochote ilimradi. Mama wa ming'oko pale Masasi alitoa viwili vya ziada kwenye fungu la jero, na vyote viwili vilikuwa vizima.

Sumni ya tatu bado ninayo. Shangazi anasema nirudi wakati wa msimu, mabibo yakiiva, nije nione nani amesaini daftari. Nitakwenda. Na safari hii kopo la shangazi litatangulia.

Kwa leo naishia hapa. Tukutane wiki ijayo, palepale.